Sekunde Kumi za Hidaya Sumaili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mjini Kasongo. Ukungu bado umelalia uwanja wa shule ya zamani. Hidaya Sumaili anavua kandambili, anaziweka juu ya kitenge chake, anavaa viatu vya mbio vilivyoshonwa upya kwenye vidole, kisha anakaza kilemba. Mzee mrefu mwenye mvi anainua mkono, anaushusha. Hidaya anaondoka.

Hakuna kishindo. Anapotupita tunasikia pumzi zake tu, na kabla hatujageuza shingo amekwisha kuingia kwenye kona ya mbali. Wanawake waendao sokoni na mabeseni kichwani wanasimama kumtazama. Wamemwona kwa miaka, na bado wanasimama.

Hidaya ana miaka ishirini na saba. Hukimbia mita mia nane. Mazoezi yakiisha, huenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, anakobeba magunia mpaka jioni.

"Gunia moja iko na kilo hamsini," anasema akicheka. "Kama mguu umechoka, gunia inakuambia kabla ya mwalimu."

Mwalimu ni yule mzee, Grégoire, mstaafu aliyefundisha mazoezi ya viungo katika shule za kanisa. Hidaya alizaliwa upande wa Kabambare, akaja Kasongo kuishi kwa shangazi yake. Grégoire alimwona siku moja akimfukuza mbuzi wa shangazi huyo, akamkamata kwenye mteremko. "Mbuzi alikuwa ametangulia mbali sana," anakumbuka Grégoire. "Nikasema, huyu mutoto si wa kuacha."

Hapakuwa na njia ya mbio iliyopimwa. Grégoire aliizunguka tereni, yaani uwanja ule wa shule, kwa miguu yake, akihesabu hatua mia nne, akapanga mawe na kuyapaka chokaa. Raundi mbili, mita mia nane. Alikuwa amesikia kwamba anayetaka kupelekwa kwenye mashindano ya taifa lazima amalize chini ya dakika mbili na sekunde kumi na mbili.

Hidaya alikuwa akimaliza kwa dakika mbili na sekunde kumi na tisa. Mwaka wa kwanza ishirini na tatu, kisha ishirini na moja, kisha kumi na tisa. Hapo pakagoma, mwaka mzima.

"Nilikuwa nakimbia mpaka natapika," anasema. "Mwalimu anaangalia saa, ananyamaza. Ile kunyamaza yake njo ilinimaliza."

Kindu, mji mkuu wa jimbo yanakofanyika mashindano ya mchujo, ni mwendo wa siku mbili, na Grégoire hakutaka kumpeleka binti wa watu kuaibika huko. Basi miaka mitatu iliyopita Hidaya alifunga nguo zake, akaenda Salamabila kuwapikia wachimba dhahabu. Viatu alimwachia shangazi.

Huko ndiko alikokutana na Iliasi, dereva wa pikipiki kutoka Kasongo. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na pikipiki ya Iliasi ilikuwa imezama kwenye matope katikati ya kilima.

"Namwona muke mumoja anapanda mbio, beseni ya mihogo kichwani," anasimulia Iliasi. "Ananipita. Anafika juu, anatua beseni, anarudi kunisukuma. Hahemi! Nikamuuliza, dada, we ni nani?"

Walioana baada ya miezi minane. Sharti la Iliasi lilikuwa moja: warudi Kasongo, na Hidaya arudi uwanjani.

Mwaka jana yakatangazwa mashindano ya jimbo. Hidaya alikuwa amerudi palepale, kumi na tisa. Alimwambia mumewe kwamba angekimbia Kindu mara moja tu, ili aache akiwa ameona. Iliasi akampakia kwenye pikipiki. Grégoire akapanda nyingine. Walilala njiani, wakafika miguu ya Hidaya ikiwa imevimba.

Wasichana tisa walisimama kwenye mstari. Raundi ya kwanza Hidaya alikuwa wa nne. Baada ya hapo, anasema Iliasi, wengine walikuwa kama wanamsindikiza. Alimaliza peke yake, akageuka kutafuta wenzake wako wapi.

Grégoire alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni. Dakika mbili na sekunde tisa. "Nilijua imekufa," anasema. Alikwenda kwa waamuzi watatu. Saa zao zote zilisema vilevile.

Waliporudi Kasongo, Grégoire alimwita Atumani, fundi mwashi mwenye kamba ya kupimia, wakaipima tereni. Atumani akapima mara mbili, akasema, "Mwalimu, hii si mia nne. Ni mia nne na makumi matatu."

Hatua za mzee yule mrefu zilikuwa zimezidi mita. Kwa miaka yote hiyo Hidaya alikuwa akikimbia mita sitini za ziada, akijiona mzembe.

Grégoire aliketi kwenye nyasi, akalia mbele ya watu. "Nilimwambia, mwanangu, mi njo nilikuibia zile sekunde. Ulikwenda kubeba mihogo Salamabila kwa sababu ya miguu yangu."

Hidaya aliketi karibu naye. "Mwalimu, bila miguu yako nani angenipimia?" akamjibu. Kisha akamkataza kuyasogeza mawe.

Mwezi wa sita anatarajiwa Kinshasa kwenye mashindano ya taifa. Itakuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Iliasi ameanza kumtania kwamba angefika mapema kwa mguu.

Tunamuuliza anataka kukimbia kwa muda gani huko. Anapangusa jasho kwa ncha ya kilemba.

"Sijui," anasema. "Watu wanataja mbili na tano, mbili na nne. Mi nataka nikimbie na wale wanaonishinda. Nione mwisho wa nguvu yangu iko wapi. Mpaka leo sijauona."