Nilimwandika Mjomba Aliyenilea Kuwa Msaliti

Kwako mwenye ukurasa huu, na kwenu maelfu mnaoufungua kabla ya kurasa nyingine zote, nawasalimu kwa heshima. Nina umri wa miaka ishirini na minane, nina shahada ya fasihi, na ninafundisha kwa mkataba wa serikali katika shule moja karibu na Garsen. Jina langu naomba lifichwe. Mkishasoma mtaelewa kwamba siombi hivyo kwa maringo.

Kwa miaka mitatu nimekuwa mwandishi, kwa jina la kubuni, wa jarida moja la kila wiki la mrengo wa kushoto linalochapishwa Nairobi, jarida linalowatetea wavujajasho na kuwaumbua mabwanyenye. Kila wiki huwatumia kisa kimoja cha mashambani, ndani ya bahasha, kwa basi. Sitaficha kwamba nilijivunia. Mchapishaji mmoja alivipenda visa hivyo hata akaukubali mswada wa riwaya yangu, kwa sharti kwamba itoke kwa jina hilohilo, kwa sababu, kwa maneno yake, "wasomaji wanaliamini."

Sasa niwaeleze kuhusu mjomba wangu. Ni kaka yake marehemu mama yangu, mkulima wa Kipokomo asiyejua kusoma, mjumbe wa baraza la wazee kijijini kwetu. Ndiye aliyenilea, akanisomesha. Shamba lake liko ukingoni mwa Mto Tana, kando ya malka, yaani njia ya mifugo kushukia majini. Wakati wa ukame, malka hiyo ilikuwa imelimwa na watu hadi ikazibika. Rafiki yake wa tangu ujana, mfugaji wa Kiorma, alifika asubuhi moja na ng'ombe wanaoyumba kwa kiu. Mjomba alichukua panga, akakata mstari mzima wa migomba yake mwenyewe, ng'ombe wakapita. Hakupokea hata kibuyu cha maziwa. Kijiji kizima kilimwona na hakuna aliyelalamika.

Nilikiandika kisa hicho kama kilivyotokea. Mhariri wa jarida akanirudishia, kikiwa na maneno kwa wino mwekundu: "Ndugu, adui yuko wapi? Kisa kisicho na adui ni barua ya mapenzi."

Nikamtafutia adui. Nikamgeuza mfugaji kuwa tajiri, na mzee wa baraza kuwa msaliti anayeuza njia ya maji kwa malipo ya mtamba mmoja. Majina nilibadilisha. Ila mtamba, ndugu wasomaji, sikumbuni. Nilipohitimu chuo kikuu, mfugaji yule alinizawadia mtamba, na kwa desturi ya urafiki wao akabaki katika kundi lake, akijulikana kuwa ni wa nyumba ya mjomba. Nilimtia kisani kama alivyo: mwekundu, mwenye baka jeupe shavuni. Niliona ni ufundi.

Jarida lilipofika Garsen, lilisomwa kwa sauti mkahawani, nami nikiwa nimekaa palepale.

"Ngoja, ngoja! Mwekundu, shavu jeupe? Huyo si wa mzee fulani?"

"Wallahi ndiye! Ndiyo maana alifyeka migomba mbiombio. Sisi tukadhani huruma!"

"Huruma ina kwato, bwana!"

Walicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao.

Tangu siku hiyo vijana wetu wameiziba njia ile kwa miiba, na ng'ambo ya miiba wanasimama vijana wa Kiorma na fimbo zao. Baraza limemwita mjomba kujibu. Akipatikana na hatia atavuliwa ujumbe, na shamba la ukingoni atapewa mwingine wa ukoo. Katika kikao cha kwanza rafiki yake alikuja kumtetea: "Mimi ng'ombe nilimpa mtoto. Si kwa njia. Mtoto yuko, muulizeni."

Waliniuliza. Nilisimama nikaeleza kwa ufasaha wote niliojaliwa kwamba mtamba ni zawadi yangu. Mzee mmoja akanikata: "Keti, mwalimu. Wewe ni mpwa wake, utasema nini? Gazeti halina mjomba hapa."

Nilimwandikia mhariri nikimwomba asahihishe. Akajibu kwa mstari mmoja kwamba jarida halimwombi radhi msaliti. Nikijitokeza mwenyewe, mkataba wangu utavunjwa siku hiyohiyo, maana watu wa serikali wamekwisha kufika shuleni mara mbili wakiuliza ni nani anayeandika kwa jina lile. Riwaya yangu nayo itakufa kabla ya kuzaliwa, kwani ni nani atakayeliamini jina la mwongo?

Jumapili iliyopita mjomba alikuja kwangu akiwa na nakala ya jarida, imekunjwa mara nne. Akasema, "Mwanangu, nisomee. Kila mtu ananiambia kipande chake."

Nilimsomea lote. Nilipofika kwenye neno "msaliti," nilijifanya nakohoa. Nilipomaliza akauliza, "Wewe unajua watu wa magazeti. Huyu humjui?"

Nikasema, "Simjui, mjomba."

"Ukimpata, sina haja ya kumpiga. Nitamuuliza tu nilimkosea nini."

Halafu akatoa karatasi mfukoni. Alitaka nimwandikie utetezi wa kusomwa mbele ya baraza, litakalokaa tena kutoa uamuzi baada ya mavuno ya mpunga. Karatasi ilikuwa tupu, isipokuwa chini kabisa, ambako alikwisha kuweka alama ya dole gumba lake. Nilimwambia mtu hawekei sahihi maneno ambayo hayajaandikwa. Akacheka: "Si utaandika wewe? Nikague nini?"

Karatasi hiyo iko mbele yangu ninapowaandikia. Wenye hekima, nielekezeni: juu ya dole gumba lile, niandike nini?