Tokeni ya Mzee Shigela

Ezekia Shigela alifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, mingi kati ya hiyo katika stesheni ya Igalula. Kazi yake ilikuwa kumkabidhi kila dereva wa treni tokeni, kipande cha chuma kwenye ringi kubwa, ndiyo ruhusa ya kuingia njiani. Dereva asipokuwa nayo haondoki, hata kama njia inaonekana tupu hadi stesheni ya Kigwa, kwa sababu njia ni moja na treni mbili zikikutana humo ni msiba.

Saratani ya tezi dume ilipomfikia mifupani, alichomwa sindano katika hospitali ya mbali.

"Ni metali yenye mionzi, mzee, inaitwa lutetiamu," daktari alimweleza. "Tumeifunga kwenye dawa inayoijua saratani. Dawa inaibeba hadi kwenye uvimbe, inaganda pale, mionzi inachoma."

"Kwa hiyo metali ni behewa, dawa ni injini."

Daktari akacheka, akaendelea na masharti. Mzee akayaandika nyuma ya bahasha: alale peke yake, choo chake mwenyewe, asimbebe mtoto mchanga siku kumi na nne.

Mtoto mchanga alikuwepo. Asnath, binti yake wa Tabora mjini aliyempokea, alikuwa na kichanga cha wiki tatu, Yustina, jina la marehemu mke wa mzee. Mzee akapewa chumba cha uani chenye dirisha moja. Chakula kiliwekwa kizingitini. Kila jioni Asnath alisimama ng'ambo ya ua na mtoto mikononi.

"Baba, mkeo anakusalimu!"

"Mwambie mumewe yuko kifungoni, asiolewe na mwingine."

"Hana hata jino, nani atamchukua?"

"Basi tunafanana."

Wakishacheka hivyo, Asnath huingia ndani, na mzee hubaki na kuta nne na nyonga inayouma. Hakujua kama dawa imeshika. Aliogopa kufa kabla ya siku kumi na nne, bila kumpakata Yustina hata mara moja.

Siku ya tisa, saa nane mchana, Asnath alimlaza mtoto kwenye mkeka chini ya kamba ya nguo.

"Baba, mtupie jicho hapo dirishani, nafika gengeni mara moja."

Hakuwa amefika mbali mvua ikaanza, matone mazito. Mtoto akalia. Mzee akaita, "Asnath! Asnath we!" Kishindo cha mvua juu ya bati kikameza sauti yake. Akashika komeo la mlango, akaliachia, akalishika tena. Mwishowe akatoka na fimbo yake ya mpini uliopinda. Akanyoosha mkono wote, akaunasa ukingo wa mkeka, akauvuta taratibu hadi chini ya baraza. Kisha akarudi chumbani, akafunga, akakaa sakafuni huku amelowa, akimwimbia mtoto kupitia ubao wa mlango.

Asnath alirudi mbio. Akaona mfereji ambao mkeka umechora kwenye mchanga.

"Baba! Si ungembeba tu? Daktari aliniambia kwa simu dakika chache hazina neno, ila usimpakate muda mrefu. Nilidhani unajua!"

Mzee akaichukua bahasha, akaisoma upande huu na upande ule. Maneno hayo hayakuwamo. Alikuwa ameandika sharti, akaacha maelezo yaliyofuata.

"Njoo basi umshike kidogo," Asnath akasema.

Komeo likatikisika, lakini halikufunguka.

"Zimebaki siku tano," akasema mzee. "Tokeni bado sijapewa. Nisogezee tu mtoto karibu na mlango, nimsikie anavyopumua."