Motere Isiyofunguliwa Hata Mara Moja

Motokari yetu ni pikapu ya zamani, ya mazuti, yaani dizeli. Milango yake imeliwa na kutu, kiti cha mbele nimekishona mwenyewe kwa uzi wa gunia, na hata gia boksi si ile iliyozaliwa nayo. Lakini motere, injini yenyewe, haijafunguliwa tangu marehemu mume wangu ainunue, na kwa barabara zetu hilo si jambo dogo. Mzee alikuwa na sheria zake. Asubuhi za baridi za mwezi wa saba, iache ipate moto kwanza. Mafuta ya motere, yabadilishe mapema, vumbi ni jingi. Maji yanayokaa chini ya filtre, lile chujio la mazuti, yamwage kila wiki. Mimi shule niliiacha mapema, lakini hayo nayajua kama sala.

Pikapu hiyo ndiyo inayotulisha. Shamba langu liko upande wa Mutshatsha, na mwanangu wa mwisho ndiye dereva. Tunaleta mahindi na mihogo, siku nyingine makala, makaa ya kupikia, tunauza hapa Kolwezi. Bidoni moja, dumu moja la mazuti, ilikuwa inatufikisha kule na inabaki. Wenye motokari za esanse, hiyo petroli, walitucheka, eti yetu inanguruma kama mashine ya kusaga unga. Haya, walicheka, halafu tuliwapita wakiwa wamesimama wanajaza tena.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, mambo yakageuka. Pikapu ikaanza kutoa moshi mweusi, mzito. Kwenye mpando, pale barabara inapopanda, ikakosa nguvu mpaka watu wa nyuma walishuka wakasukuma. Bidoni ikawa inaisha kabla hatujafika.

“Mama, motere imekufa,” mwanangu aliniambia. “Inakunywa kuliko sisi wote.”

“Imekufa na bado inatembea?”

“Inatembea kama mugonjwa. Tukiifunguisha, tutakula nini? Kuko tata mumoja anatafuta ya kutoa bipande. Tumuuzishe, tununue kadogo ka esanse.”

Kadogo ka esanse, na magunia ya mahindi, kwenye mchanga ule. Kuna wanawake sokoni wanaonipa mizigo yao. Najua jina la kila mmoja na majina ya watoto wake wote, ijapokuwa hapa sitayaandika. Wangetafuta motokari nyingine. Na mimi ningekaa nyumbani kungoja mtoto aniletee chumvi. Nikamwomba kitu kimoja tu: kabla ya kuuza, fundi wa baba yake aitazame.

Fundi huyo ana kiwanja chake karibu na Kasulo. Tulipofika, mnunuzi, yule bwana wa vipande aliyeitwa na mwanangu, alikuwa ametutangulia. Aliizunguka pikapu, akayapiga magurudumu teke.

“Mama, hii sasa ni masufuria,” alisema. “Batu batapikia bukari.”

“Masufuria yako sokoni, tata. Hapa unapiga teke motokari ya watu.”

Fundi akasema, “Washa.” Mwanangu akawasha. Moshi ukajaa kiwanja kizima, majirani wakafunga madirisha. Fundi alitazama tu, mikono nyuma.

“Ungekuwa wa bluu, ningesema inakula mafuta yake, segma, zile pete za pistoni, zimekwisha,” alisema. “Huu ni mweusi. Mazuti inapata, hewa haipati. Zima.”

Akaifuata njia ya hewa kwa vidole mpaka mdomoni pa bomba, pale motere inapovutia pumzi. Akaingiza mkono, akavuta, akavuta tena. Kikatoka kitu kigumu kama tofali, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Akakipiga chini, udongo ukapasuka, tukaona maua ya kikwembe, kitenge cha mwanamke.

Kwetu, wakati wa kiangazi, malori yanayotoka kwenye mashimo ya madini ya Mashamba yanainua vumbi mpaka huoni mbele. Basi madereva wanafunga kitambaa mdomoni pa bomba, wanakifua kila Jumamosi, na mvua zikianza wanakitoa. Mwanangu alikifunga. Kukitoa hakukitoa. Vumbi likalowa, likakauka, likalowa tena, likawa ukuta.

“Batoto ba siku hizi,” fundi alisema, “banafunga motokari pua, kisha banaita batu ba kuzika.”

“Nilisahau, tata.”

“Muke yako anakitafuta hiki kikwembe tangu mwezi wa nane,” nikamwambia. “Utaenda kumwambia mwenyewe.”

Hata mnunuzi alicheka.

Fundi akaweka filtre mpya ya hewa. “Washa tena.” Ikatoa weusi kidogo, kama mtu anayekohoa mara ya mwisho, kisha hewa ikawa safi. Akafungua kifuniko cha mafuta ya motere huku ikizunguka, akaweka kiganja pale juu. Akaniita, akashika mkono wangu, akauweka pale pale. Nilisikia pumzi ndogo tu, ya uvuguvugu.

“Ingekuwa imekwisha, ingekupulizia mafuta usoni,” alisema. “Segma ziko bien, mama. Hakuna cha kufungua.”

Nikakaa juu ya gurudumu kuukuu.

Mnunuzi akamvuta mwanangu kando. “Naongeza.”

“Hapana, tata. Kesho iko na kazi.”

Kesho yake tulienda Mutshatsha na magunia matupu. Kwenye mpando nilingoja mtu apige bodi kwa nyuma kuomba kushuka asukume. Hakuna aliyepiga. Nikaegemeza kichwa mlangoni, nikalala. Mwanangu aliniamsha tumefika, akanionyesha bidoni, mazuti ikiwa bado inacheza ndani.