Sumaku Ilipodondoka

Juzi nilitoka nyumbani, jambo la nadra, nikamkuta mtu wa Bangwe akibandika sumaku kwenye pikapu ya kuuzwa.

Nilipokuwa mdogo, Mama naye alikuwa tayari kuuza shamba la Kidahwe apate pikapu ya kubebea dagaa. Ile tuliyoenda kuikagua Ujiji ilinuka rangi mbichi na kunguruma hadi tumbo likatetemeka.

"Dada, haijagonga hata kuku!" aliapa muuzaji.

Mama akanipa sumaku. Nikaibandika mlangoni, ikadondoka.

"Puti tupu, mwizi we!" Mama alimpiga muuzaji ngumi, damu ikamtoka puani.

Leo najua sumaku haishiki puti, ule mchanganyiko unaopakwa kuficha bati lililopondeka. Siku ile nilidhani ni kosa langu.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe, nimeiangusha mimi," nilimwambia muuzaji.

Kofi la Mama lililofuata lilikuwa langu.