Watiri afuata mlio wa ndege msituni

Saa tatu asubuhi, kwenye mteremko ulio juu ya Naro Moru, Magdaline Watiri anainua kitu ambacho mpita njia angedhani ni antena ya televisheni iliyong'olewa paani. Ni paipu ya maji, na juu yake vimefungwa kukingama vipande vitatu vya futi ya chuma, ile ya maseremala. Waya unashuka hadi kwenye redio ndogo inayoning'inia shingoni mwake. Redio inalia: ti, ti, ti.

Mahali fulani msituni imeanguka ndege ndogo inayoendeshwa kwa redio. Mwenyewe ni Hasmukh, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Nyeri, aliyenyang'anywa na upepo wa mlima juzi. Tumboni mwa ndege kuna kitoa mlio cha betri, kinachosikika kwenye redio hiyo, na betri hiyo haitafika jioni.

"Isipopatikana leo, basi," asema Hasmukh akijifuta jasho. "Na Mama Ndungu anajua tulipatana nini."

Walipatana hivi: Watiri, ambaye Hasmukh humwita Mama Ndungu, akiipata ndege, atapewa vitoa mlio viwili kati ya vile ambavyo Hasmukh huagiza Uingereza. Anavitaka kwa ajili ya wapagazi wa Mlima Kenya.

Mwaka jana ndugu yake, Kahiga, alipotea kwenye ukungu akiwabebea wageni mizigo. Walimtafuta siku nne wakipiga filimbi.

"Tulimpata amekufa, hatua mia mbili tu kutoka kambi," asema Watiri. "Watu walikuwa wamepita hapo. Hiyo bado inaniuma sana."

Watiri ana miaka arobaini na mmoja. Mtaani kwake Skuta, antena nyingi za televisheni amezipandisha yeye. Alianza akiuza balbu dukani kwa Hasmukh. Siku moja fundi aliogopa paa lenye mvua, naye akavua viatu akapanda. Tangu hapo hajashuka.

Antena ya kufuatia ndege humchukua siku mbili na humgharimu shilingi mia moja na themanini. Alijaribu alumini kwanza, vichaka vikaipinda. Futi ya chuma hujikunja ikipita kwenye matawi, kisha hurudi ilivyokuwa.

"Mzee wangu ni seremala," asema huku akicheka. "Aliniuliza futi yake iko wapi. Nikamwambia iko kazini."

Leo mlio mkubwa unatoka ng'ambo ya mto. Hasmukh amekwisha kukunja suruali avuke.

"Ngoja kwanza, Bwana Hasmukh. Hiyo mwamba inaturudishia sauti. Twende pale chini nisikize tena."

"Mama Ndungu, betri inakufa!"

"Wacha ikufe tukiwa upande ya ukweli."

Si ukaidi wa bure. Mwezi wa tatu waliufuata mlio uliogonga mwamba, wakapoteza siku nzima na ndege pia. Sasa anateremka, anapima, na mlio unaonyesha upande huu wa mto. Anasogea tena, anapima mara ya tatu: upande ule ule. Wanaingia msituni.

Ndani, redio inapiga kelele kokote antena inakoelekea. Watiri anaanza kuzunguka polepole pale aliposimama.

"Hapa karibu sitafuti mahali inalia," aeleza. "Natafuta mahali inanyamaza. Ikinyamaza, ni mwili yangu imeziba mlio, ndege iko nyuma yangu."

Inanyamaza. Anageuka, anainua macho. Bawa jekundu limenasa juu ya mti wa mtarakwa. Sijui nani alipiga kelele kwanza. Hata mwandishi huyu alipiga.

Ndege inashushwa ikiwa imevunjika pua. Hasmukh anaitazama kidogo tu, kisha anachomoa kitoa mlio, kingali kinalia, na kumpa Watiri kwa mikono miwili.

"Hii ni moja. Ingine iko duka, na betri mpya. Kuja kesho."

Watiri analia waziwazi, bila kuficha uso. Akishatulia, anaeleza mpango wake. Jumanne, Moffat, kiongozi wa wapagazi, atapandisha wageni kwa siku tano. Yeye atabeba kimoja. Cha pili atapewa mpagazi anayetembea nyuma kabisa.

Na Watiri mwenyewe?

"Niko na blanketi, niko na antena," asema. "Nitakaa hapa Naro Moru mpaka ule wa mwisho ashuke."