Nilimfunua Uso Shangazi Damu Ilipogeuka Nyeusi

(Jina la msichana aliyetuletea kisa hiki tumelificha. Wasomaji wa visiwani, tunawasihi msimtafute.)

Assalamu alaykum, wasomaji. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, wa visiwa vya Amu, yaani Lamu. Kisiwa chenyewe msiniulize. Msahafu nimekwisha kuhitimu, na sasa nasoma kwa mke wa daktari wa kizungu, anayefundisha wasichana wachache nyumbani kwake. Mimi ni mtu wa haya. Mbele ya watu sauti hunikauka, ndiyo maana naandika.

Shangazi yangu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Mwaka huu tumbo lake lilianza kufura, wanawake wakampongeza wakidhani ni mimba. Daktari alipompapasa juu ya nguo akasema ni uvimbe, na usipotolewa utamwua. Mumewe alikataa katakata. Mpaka shangazi alipokuwa hawezi tena kulala chali ndipo akakubali, tena kwa kiapo. Alisimama ukumbini mbele yetu akasema: "Tumbo nampa alione. Tumbo halina jina. Lakini daktari akiuona uso wa mke wangu, basi nimemwacha talaka tatu." Kisha akasafiri kwenda Mombasa kwa biashara zake. Nadhani hakuweza kukaa akangoja.

Msaidizi wa daktari siku zote ni mkewe, lakini alikuwa kitandani kwa homa kali. Mwanamume mwingine hakuweza kuingia chumba cha kumpasulia. Daktari akanitazama mimi. Akanifundisha kwa paja la mbuzi, juu ya meza yao ya chakula. Msaidizi husimama ng'ambo ya pili, akitazamana na daktari, na kazi yake ni kumfanya daktari aone. Hushika kidonda kikae wazi kwa chuma kipana kilichopindwa, bila kuvuta kwa nguvu. Damu huigandamiza kwa pamba wala haifuti, maana kufuta hung'oa iliyokwisha kuganda. Mshipa ukivuja, huubana kwa kikoleo na kutulia mpaka ufungwe uzi. "Mimi nitatazama kisu," aliniambia. "Wewe tazama mengine yote. Ukiona jambo, sema, hata kama unaona haya."

Dawa ya usingizi alipewa somo wake shangazi, bibi aliyemfunda alipoolewa, aidondoshe matone kwenye kitambaa cha puani. Somo huyo ndiye aliyempamba asubuhi ile. Alimpaka hina mikono na miguu, kucha zote zikawa nyekundu iliyokoza. Shangazi alisema, "Nikifa nife nimepambika, nikipona mume wangu anikute nimepambika." Kabla ya kulala akanishika mkono. "Mwanangu, uso wangu ni amana yako."

Tumbo lilifunikwa shuka nyeupe yenye tundu. Uso ulifunikwa ukaya, mtandio wetu wa kufunika uso. Daktari alipasua, nami nikashika kidonda. Mikono, kwa rehema ya Mungu, ilitulia. Uvimbe ulikuwa mkubwa kama dafu. Mshipa mmoja ukarusha damu, nikaugandamiza, nikaubana. Daktari akasema, "Vyema. Usiachie."

Hapo ndipo nilipoona. Damu iliyokuwa ikichuruzika pembeni haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa nyeusi, kama maji ya zambarau. Niliona haya kumkatiza daktari. Nikamtazama somo, alikuwa akidondosha dawa juu ya ukaya wenyewe, uliofunika mdomo na pua pamoja, ili chochote kisionekane.

"Damu ni nyeusi," nikasema hatimaye.

Daktari aliinua kichwa. Akaushika mkono wa shangazi atazame kucha, akakuta hina. "Hapati pumzi! Nionyeshe midomo yake! Upesi!"

"Haufunuliwi!" somo akalia, akiushika ukaya kwa mikono miwili. "Kuna kiapo! Ataachwa!"

"Atakufa!"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa na kikoleo. Wa kushoto ukauvuta ukaya, ukatoka. Midomo ya shangazi ilikuwa buluu. Daktari alizunguka meza, akaliinua taya lake, akauvuta ulimi, akamgandamiza kifua mara kwa mara. Alikuwa akimtazama usoni, uso mtupu, kwa muda nilioona kama siku nzima. Kisha shangazi akakoroma. Na pale nilipokuwa nimeshika, damu ikarudi nyekundu, na daktari akarudi akamaliza kuutoa uvimbe.

Alipozindukana hakuuliza habari ya uvimbe. Aliuliza, "Uso wangu?" Somo akadakia, "U salama, mwanangu." Mimi nilikuwa nikiosha vyuma. Sikugeuka.

Sasa amepona, anatembea. Mumewe atarudi baada ya Iddi, na ameagiza kuwa atakayeulizwa ni mimi, kwa kuwa sijapata kusema uongo nyumbani mwake. Somo huniita kando kila siku na kuninong'oneza: "Ndoo hapa. Ukiulizwa, sema hapana. Mato yangu hayakuona kitu, na yako yasione." Lakini kama talaka imepita, nitawaacha waishi pamoja katika haramu, na dhambi ni yangu. Nikisema kweli, mwanamke niliyemrudisha toka mautini nitamtoa nyumbani kwake. Huenda dharura ina hukumu yake, sijui. Kadhi wetu ni ndugu wa mumewe; kumwuliza ni sawa na kusema.

Jana shangazi alinipa mikono yake nimpake hina ya kumpokea mumewe. Nikapaka kucha zote nikaacha moja. Akacheka, "Hii umeisahau?" Niliikumbuka hina iliyomficha daktari rangi ya kucha zake. Sikuweza kuipaka.

Enyi mnaosoma, wenye elimu na wenye huruma, nishaurini kabla ya Iddi. Nikiketishwa mbele yake nikaulizwa, nijibu nini? Na shangazi mwenyewe, nimwambie kwanza?