Lazhar na Mnyororo wa Mashine ya Marobota

Hapa uwanda wa Beja, kaskazini mwa Tunisia, mtu akikuambia amempa Lazhar mkono, unamuuliza kwanza kama ameshanawa. Alikuwa na trekta na mashine ya kufunga mabua ya ngano kuwa marobota, na hakuna aliyemshinda kwa kazi. Ila alikuwa mchafu. Kila jioni aliacha injini inanguruma, akachukua kopo la oili chakavu na kuumwagia mnyororo wa mashine ukiwa unazunguka. Oili iliruka ukutani, ikaruka kwenye kuku, ikamrukia na yeye. Mimi jirani yake nilikuwa namsalimia kwa mbali.

"Mnyororo una kiu," alikuwa akisema. "Uache unywe."

Ulikunywa, ukakatika. Vumbi la shamba lilinata kwenye oili likawa tope jeusi, na tope hilo likautafuna mnyororo. Kila msimu alinunua mpya, akalaumu waliouunda.

Mwaka ule binti yake Shadlia alikuwa anaolewa. Mkewe Mbarka na wanawake wa mtaa waliosha sufu ya magodoro ya bibi harusi, wakaianika ua mzima, nyeupe kama maziwa. Lazhar akarudi kutoka shambani, mawazo yakiwa kwingine, akashika kopo lake kama kawaida.

Mstari mweusi ulipita juu ya sufu kutoka ukuta hadi ukuta.

Mbarka akaitazama sufu, akamtazama mumewe, kisha akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Wengine wakamfuata. Lazhar alisimama na kopo lake, bora angetukanwa.

"Baba Shadlia," Mbarka akasema alipopata pumzi, "sufu tutaifua tena. Na wewe utaifua. Halafu njoo nikuonyeshe kitu."

Alifua, suruali imekunjwa, watoto wa mtaa wamejipanga kutazama. Baadaye Mbarka akamketisha mbele ya cherehani yake. Alikuwa fundi wa nguo za maharusi, vitambaa vyeupe vya watu vikipita mikononi mwake kila siku. Akafuta vumbi, akadondosha tone moja hapa, tone pale, akazungusha gurudumu kwa mkono, akangoja, kisha akafuta tena kwa kitambaa.

"Hiki kijidude," Lazhar akasema. "Langu ni lichuma."

"Chuma ni chuma. Mafuta yanatakiwa ndani, vyuma vinakosuguana. Ya nje yanamnywesha nani?"

Lazhar akaguna. Lakini kesho yake nilimwona amezima injini, ufunguo ameutia mfukoni, anasugua mnyororo kwa brashi na dizeli kidogo, beseni likiwa chini. Akaukausha kwa tambara. Akaweka kipande cha boksi nyuma ya mnyororo, akadondosha oili safi upande wa ndani, kwenye viungo, huku akiusogeza taratibu kwa kuzungusha gurudumu la mashine kwa mkono. Akaenda kunywa chai, na aliporudi akafuta iliyobaki nje.

"Umeanza kushona, bwana?" nikamuuliza.

"Nashona. Ukitaka kanzu sema."

Mavuno yakaanza, mnyororo ukawa mtulivu. Siku ya harusi ikafika, Lazhar amevaa jeba, joho jeupe la hariri, mara Tayyeb, jirani wa bondeni, akaja mbio. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa bahari na mabua yake yote yalikuwa chini, hayajafungwa.

"Nisamehe, ndugu yangu. Najua ni leo."

Lazhar akamgeukia mkewe. Mbarka akaitazama jeba, akaitazama mbingu.

"Nenda," akasema. "Ukirudi na doa, utamwoza binti yako ukiwa umesimama nje."

Tulimfuata nusu ya wageni. Mashine ilikuwa imelala wiki nzima kwa maandalizi ya harusi, na alipoiwasha, mnyororo ukalia. Akauacha uzunguke kidogo upate joto, akazima, akashuka, akakunja mikono ya jeba. Akafuta, akadondosha, akazungusha. Kisha akasimama tu.

"Unangoja nini?" Tayyeb akauliza. "Wingu halingoji."

"Oili inaingia."

"Inaingia wapi, mtu wa Mungu? Mvua ndiyo inaingia."

"Ninywe maji kwanza."

Akanywa. Akafuta mnyororo kwa tambara, akapanda. Mashine ikaenda kimya, marobota yakawa yanadondoka nyuma yake, na sisi wageni na viatu vyetu vya harusi tukawa tunayabeba hadi bandani. Robota la mwisho liliingia na matone ya kwanza.

Nyumbani Mbarka alimzungusha mlangoni kama anampima nguo. Kifuani, mgongoni, mikononi. Hakukuwa na kitu ila mabua mawili shingoni.

"Ingia," akasema.

Vigelegele vikapigwa. Shadlia akainuka kwenye kiti chake cha bibi harusi, jambo ambalo mabibi harusi wetu hawafanyi, akaja akamkumbatia baba yake, kifua kwa kifua, na nguo yake nyeupe. Nilimwona Lazhar akiinua mikono hewani kwa mazoea, asimguse. Halafu akaishusha polepole, akamshika.

Mvua ilinyesha mpaka kuskusi ya harusi ikaliwa ikaisha. Tayyeb alicheza kuliko wote.